Bendera ya P&O: namna ya kusoma kitambaa cha rangi nne

Meli iliyofunga gati Mombasa au Dar es Salaam inaweza kupeperusha bendera nne au tano kwa wakati mmoja, na watu wengi huziita zote "bendera ya meli". Kila moja ina kazi yake. Ile kubwa ya tezi, yaani ya nyuma ya meli, ni ya nchi ambako meli imesajiliwa, nayo inakuambia ni sheria ya nani inayotawala humo ndani. Ile ndogo ya nchi mwenyeji ni bendera ya heshima tu, haithibitishi chochote kuhusu meli yenyewe. Nyeupe na nyekundu zilizogawana wima maana yake rubani yumo. Njano tupu maana yake nahodha anaomba ruhusa ya maofisa wa afya wa bandari. Ya bluu yenye mraba mweupe katikati maana yake safari imekaribia, waliotoka warudi.

Inabaki moja ambayo hutaipata katika kitabu cha ishara za kimataifa, kwa kuwa hakuna mamlaka ya kimataifa iliyoitunga. Hiyo ni bendera ya kampuni. Mwenye meli huichagua mwenyewe, huishona kwa fedha zake, na kwa desturi huipandisha kwenye kilele cha mlingoti mkuu. Ndiyo inayochanganya watu zaidi, na pia ndiyo yenye historia nzito, maana imeandikwa na biashara badala ya serikali. Tutaifuatilia kupitia bendera moja iliyodumu kuliko karibu kila kitu kingine kilichowahi kuwa cha kampuni yake: ile ya P&O ya Uingereza, yenye pembetatu nne zinazokutana katikati. Nyeupe iko juu, bluu upande wa mlingoti, nyekundu chini, na njano upande unaopepea.

Tuanze na sababu ya kuwepo kwa bendera za namna hii, kwa sababu bila hiyo umbo lake halieleweki. Kabla ya telegrafu, mfanyabiashara aliyekuwa na meli baharini hakujua itafika lini. Liverpool walitatua jambo hilo kwa kilima cha Bidston, ng'ambo ya mto Mersey, chenye kimo cha mita 70 hivi juu ya bahari. Mgongoni mwa kilima zilisimikwa nguzo za bendera, zikafika zaidi ya 100, kila nguzo ikiwa ya mfanyabiashara au kampuni fulani. Mlinzi aliyekuwa juu akiitambua meli kwa darubini, alipandisha bendera ya mwenyewe kwenye nguzo yake, na mjini watu waliiona. Karani alianza kutafuta gati, makuli na mikokoteni hata kabla meli haijaingia mtoni.

Faida yake inahesabika. Umbali wa upeo wa macho kwa maili za baharini ni 2.08 mara kipeuo cha pili cha kimo kwa mita. Kwa mlinzi aliye mita 70 unapata maili 17.4. Kwa kilele cha mlingoti kilicho mita 36 juu ya maji unapata maili 12.5. Jumla yake ni karibu 30, na huo ndio umbali ambao, hewa ikiwa safi, ncha ya mlingoti inaanza kuchomoza. Meli ya tanga inayokwenda maili 6 kwa saa ingebakiwa na saa tano. Ni kweli rangi hazisomeki kwa umbali wote huo. Ni lazima meli ikaribie sana ndipo darubini iweze kuzitenganisha. Lakini hesabu hii inaeleza mambo mawili. La kwanza, kwa nini mahali pa bendera ya kampuni ni kileleni, si tezi: kilele ndicho kinachotangulia kuonekana. La pili, kwa nini bendera nzuri za kampuni za karne ya 19 hazina maandishi wala picha ndogondogo. White Star walitumia nyota moja nyeupe juu ya nyekundu. Black Ball ya New York, iliyoanza safari za ratiba kwenda Liverpool mwaka 1818, ilitumia duara jeusi juu ya nyekundu. Kinachosomeka kwa mbali ni mabaka makubwa ya rangi zinazopingana, basi.

Sasa P&O. Brodie McGhie Willcox alikuwa dalali wa meli jijini London, na Arthur Anderson, mzaliwa wa visiwa vya Shetland, aliingia kwake kama karani kisha akawa mshirika. Biashara yao ilielekea rasi ya Iberia, yaani Ureno na Hispania, na katika miaka ya 1830 nchi hizo mbili zilikuwa vitani, kila moja kwa sababu inayofanana na ya mwenzake. Ureno, Dom Miguel alikuwa amekitwaa kiti cha enzi mwaka 1828, na kaka yake Dom Pedro akapigana hadi 1834 ili binti yake Maria wa Pili akikalie. Hispania, Mfalme Ferdinand wa Saba alifariki mwaka 1833 akamwacha binti mdogo, Isabella wa Pili, huku ami yake Carlos akidai kiti ni chake.

Willcox na Anderson waliwaunga mkono mabinti wote wawili, na si kwa maneno. Walikodisha meli za mvuke, na meli Royal Tar ilifanya kazi upande wa Dom Pedro, kisha upande wa serikali ya Hispania. Pande zote mbili walizozichagua zilishinda. Kampuni ikapata mlango wazi Lisbon na Cádiz, na rangi za falme hizo zikaingia katika bendera yake: bluu na nyeupe za Ureno, nyekundu na njano za Hispania. Haya ndiyo maelezo ambayo kampuni yenyewe imeyashika miaka yote, na tarehe za rangi zenyewe zinayaunga mkono. Ureno ilikuwa imeamua bendera ya bluu na nyeupe mwaka 1830, kwa amri ya serikali ya upande wa Maria iliyokuwa kisiwani Terceira. Kwa hiyo rangi hizo hazikuwa za Ureno kwa jumla. Zilikuwa rangi za upande mmoja wa vita. Na nyekundu na njano za Hispania, wakati ule, zilikuwa kwanza alama za baharini: Mfalme Carlos wa Tatu aliziamuru kwa meli za kivita mwaka 1785, na ni mwaka 1843 tu Isabella alipozipeleka kwa majeshi yote. Mtu wa meli wa 1837 aliyeona nyekundu na njano alifikiria bahari kabla ya kufikiria ikulu.

Mwaka huo wa 1837 ndio ulioifanya biashara hiyo kuwa taasisi. Wakiwa pamoja na Richard Bourne, mwenye meli wa Dublin, walipata mkataba wa serikali wa kubeba barua kila wiki kutoka Falmouth kwenda Vigo, Oporto, Lisbon, Cádiz na Gibraltar, kwa malipo ya pauni 29,600 kwa mwaka. Safari ya mwanzo haikuwa ya bahati. Meli Don Juan ilikwama katika ukungu karibu na Tarifa mwezi Septemba 1837 ikiwa njiani kurudi, ikapotea, ingawa watu na barua waliokolewa. Mkataba haukuvunjika. Tarehe 31 Desemba 1840 kampuni ilipata hati ya kifalme kwa jina jipya, Peninsular and Oriental Steam Navigation Company. "Peninsular" ni rasi ile ya Iberia. "Oriental" ni Mashariki, yaani Misri, India na mbele yake, ambako mkataba mpya wa barua uliwapeleka. Ukiitazama bendera sasa unaona kitu cha ajabu kidogo: rangi zake zinazungumzia nusu ya kwanza ya jina peke yake. Mashariki, ambako kampuni ilichuma utajiri wake mkubwa kwa zaidi ya karne, hayamo kabisa katika kitambaa.

Mpangilio wa rangi una mantiki ambayo wengi wanaopenda meli hawaioni mpaka waishone. Chora ulalo kutoka kona ya chini upande wa mlingoti hadi kona ya juu upande unaopepea. Juu ya mstari huo kuna nyeupe na bluu, yaani Ureno. Chini yake kuna nyekundu na njano, yaani Hispania. Kwa hiyo usipotee katika pembetatu nne. Mshono mmoja mrefu unatenganisha falme mbili, na hivyo ndivyo inavyofaa kuishona.

Chukua bendera ya sentimita 120 kwa 180. Pembetatu ya nyeupe na ya nyekundu zina kitako cha sentimita 180 na kimo cha 60. Ya bluu na ya njano zina kitako cha 120 na kimo cha 90. Ongeza sentimita 1.5 za mshono katika pande mbili za ndani, na zaidi ya hapo katika kitako, hasa cha njano. Kata kila pembetatu kitako kikifuata uzi wa kitambaa, ili kingo za nje zisivutike. Unganisha nyeupe na bluu, mshono wa sentimita 108 hivi. Unganisha nyekundu na njano, mshono wa urefu uleule. Kisha shona ulalo mzima, sentimita 216, ukiwa umebana katikati kwa pini kabla ya kuanza, na ushone kutoka katikati kwenda kila kona. Anayeanza konani hufika katikati akakuta ncha nne hazikutani.

Tatizo kubwa la bendera hii ni kwamba mishono yake yote ya ndani inapita mshazari wa uzi, na kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika. Fundi asipopitisha mshono mwepesi wa kuzuia kwenye kingo hizo kabla ya kuunganisha, bendera hutoka na tumbo katikati, na upepo wa siku chache unalizidisha. Kwa bendera za zamani za sufu hali ilikuwa mbaya zaidi, maana sufu ilinyonya maji ya mvua ikawa nzito, halafu ikakauka kila rangi kwa kiasi chake. Polyester ya leo haina shida hiyo. Lakini njano ndiyo inayokufa kwanza katika kila kitambaa, kwa sababu iko kwenye ncha inayochapwa na upepo. Pindo la upande huo lipigwe mistari minne ya mshono, na likianza kuchanika lipunguzwe na kupindwa upya kabla mpasuko haujafika kwenye kitovu.

Kosa la pili ni kuipandisha kichwa chini. Nyekundu ikikaa juu, umekosea. Bendera za Kiingereza zilishonwa na kijiti cha mbao kwenye kona ya juu na kipande cha kamba kwenye kona ya chini, na kamba ya mlingoti ilikuwa na kitanzi cha kupokea kijiti upande mmoja tu, hivyo baharia wa zamu ya usiku aliweza kuifunga sawasawa kwa kupapasa. Bendera za siku hizi zenye pete mbili zinazofanana zimeondoa kinga hiyo. Ukiiona bluu iko kulia, usiseme imegeuzwa mpaka umetazama mlingoti uko wapi: huenda unaangalia upande wa nyuma.

Kampuni ilikuwa na uhuru wa kuchagua rangi, ila si wote. Tangu 1864 meli za biashara za Uingereza zilitakiwa kupeperusha bendera nyekundu yenye alama ya taifa kwenye kona, na sheria ya meli ya 1894, kifungu cha 73, iliweka faini isiyozidi pauni 500 kwa anayepandisha bila kibali rangi za taifa zisizo zake au zinazofanana na za meli za kivita. Huo ni uzito wa fedha ambao ungefilisi nahodha. Kwa hiyo tezi ya meli ya P&O ilisema Uingereza, na kilele kilisema Ureno na Hispania za vita vilivyokwisha. Ureno ilipoondoa ufalme mwaka 1910 ikachukua kijani na nyekundu, bluu na nyeupe za kifalme ziliendelea kupepea juu ya meli za London. Hispania nayo ilipoongeza zambarau wakati wa jamhuri, kuanzia 1931, P&O haikugusa uzi.

Pwani yetu ilizoea zaidi bendera nyingine iliyokuja kuwa ya ukoo huohuo. British India Steam Navigation, BI kwa kifupi, kampuni ya William Mackinnon, Mskoti yuleyule aliyeanzisha Imperial British East Africa Company, ilianza huduma ya barua kati ya Aden na Zanzibar mwaka 1872. Bendera yake ilikuwa nyeupe, yenye msalaba mwekundu wa mshazari, na imekatwa mwisho kwa umbo la mkia wa mbayuwayu. Dohani, yaani bomba la moshi, ilikuwa nyeusi yenye mikanda miwili myeupe. Mkato ule wa mkia una maana kwa msomaji: katika ishara za kimataifa za sasa, bendera ya V ni nyeupe yenye msalaba mwekundu wa mshazari pia, ila ni ya pembe nne, na inasema "nahitaji msaada". Ukiwa na picha ambayo upepo umekunja ncha, usiamue kwa kitambaa. Tazama dohani, na tazama mlingoti gani umebeba.

Mwaka 1914 P&O na BI ziliungana, na Lord Inchcape wa BI akawa mwenyekiti wa kundi lote. Hapa ndipo wasomaji wengi wanapopotea, kwa sababu hakuna kilichobadilika kwa macho. Kila kampuni ilibaki na bendera yake, dohani yake, mabaharia wake na njia zake. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa New Zealand Shipping Company, iliyoingia mwaka 1916, na General Steam Navigation mwaka 1920. Sababu ilikuwa ya kibiashara: wapakiaji wa Bombay au Mombasa walikuwa na mazoea na BI, na jina linaloaminiwa ni mali. Kwa hiyo meli Kampala ya 1947 na Karanja ya 1948, zilizobeba abiria kati ya Bombay, Afrika Mashariki na Durban, na Kenya ya 1951 na Uganda ya 1952, zilizotoka London, zote zilikuwa mali ya kundi la P&O huku zikipeperusha mkia wa mbayuwayu. Anayesema "hiyo ilikuwa meli ya BI" yuko sahihi, na anayesema "ilikuwa ya P&O" yuko sahihi. Mmoja anataja mwendeshaji, mwingine anataja mwenye hisa. Bendera ilimtaja wa kwanza.

Tahadhari kwa wanaotambua meli kwa picha za zamani. Sahani za picha za karne ya 19, yaani vioo vyenye dawa vilivyotumika kabla ya filamu, ziliona bluu vizuri mno na nyekundu vibaya mno; bluu hutoka karibu nyeupe, njano na nyekundu hutoka nyeusi. Sahani zinazoona rangi zote zilianza kuuzwa mwaka 1906, na hata baadaye wapiga picha wengi waliendelea na za zamani. Matokeo yake ni kwamba bendera ya P&O katika picha ya 1885 haionekani kuwa na pembetatu nne. Inaonekana kama kitambaa cha sehemu mbili, nusu ya juu upande wa mlingoti nyeupe, nusu nyingine nyeusi, zikigawanywa na ule ulalo mmoja. Watu wameandika chini ya picha hizo majina ya kampuni zisizohusika. Kabla ya kuamua, angalia mwelekeo wa ulalo, halafu angalia bendera ya tezi katika picha hiyohiyo: ikiwa nyekundu yake pia imekuwa nyeusi, umepata aina ya sahani.

Utaratibu wa bendera nyingi chini ya mwenye mmoja ulikoma mwaka 1971, P&O ilipojipanga upya katika vitengo na majina ya zamani yakaanza kufutwa kwenye meli, BI likiwemo. Baada ya hapo ikaja hali iliyo kinyume: jina moja, wenye wengi. Meli za utalii zilitengwa mwaka 2000 na leo ziko chini ya Carnival. Kampuni ya makontena, P&O Nedlloyd, ilinunuliwa na Maersk mwaka 2005. Kilichobaki, pamoja na bandari na vivuko, kilichukuliwa na DP World ya Dubai mwezi Machi 2006, kampuni ileile ambayo Oktoba 2023 ilisaini mkataba wa kuendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam. Pembetatu nne zimo katika nembo ya P&O Ferries hadi leo, na mwenye nembo hiyo yuko Ghuba.

Kwamba bendera ya kampuni haisemi lolote kuhusu sheria kulionekana wazi tarehe 17 Machi 2022, P&O Ferries ilipowaachisha kazi mabaharia karibu 800 kwa siku moja. Meli zilipita kati ya bandari za Uingereza na jirani zake, zikiwa na nembo ya Kiingereza ya tangu enzi za mvuke, lakini zilikuwa zimesajiliwa Cyprus, Bahamas na Bermuda. Kwa mabaharia wa meli za namna hiyo, taarifa ya kupunguza watu wengi ilipaswa kwenda kwa mamlaka za nchi za usajili. Mkurugenzi alikiri mbele ya wabunge kwamba kampuni ilipaswa kushauriana na vyama vya wafanyakazi na haikufanya hivyo. Jambo hilo lilikuwa zito, na linafaa kukumbukwa na kila baharia wa kwetu anayetia saini mkataba: soma jina la bandari lililoandikwa tezi, chini ya jina la meli, kabla ya kutazama nembo ya dohani.

Ukitaka kujua meli ni ya nani hasa, tumia namba ya IMO, yaani ya Shirika la Kimataifa la Bahari. Ina tarakimu saba, imekuwa ya lazima kwa meli kubwa tangu 1 Januari 1996, na haibadiliki meli ikiuzwa, ikibadilishiwa jina au bendera. Ihakiki kwanza: zidisha tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mpangilio huo, ujumlishe, na tarakimu ya mwisho ya jumla ilingane na tarakimu ya saba. Kwa 9074729 unapata 63, 0, 35, 16, 21 na 4, jumla 139, nayo inaishia na 9 kama inavyotakiwa. Isipolingana, umeinakili vibaya. Tangu 1 Januari 2009 mwenye meli aliyesajiliwa na kampuni inayoisimamia nao wana namba zao, kwa hiyo unaweza kumtafuta mwenye meli, msimamizi na nchi ya usajili kila mmoja peke yake. Mara nyingi utakuta ni watatu tofauti, katika nchi tatu.